Dhahabu Niliyoambiwa Nimeifukuza

Kule Nyamongo nilikokulia, alasiri ilikuwa na sauti yake. Kwanza king'ora kililia kutoka upande wa mgodini, kirefu, kikipanda na kushuka, na mama yangu aliyekuwa jikoni aliipua sufuria mafigani bila hata kuinua macho. Kuku walishazoea, mbwa wetu hakuzoea mpaka alipokufa. Kisha kimya, watu wote wakisubiri bila kusema kwamba wanasubiri. Ardhi ilitikisika kwanza, tukaihisi kwenye nyayo, vikombe vikagongana kabatini, halafu ndipo mlio wenyewe ukafika, mzito, na nyuma yake vumbi lililotua juu ya nguo tulizoanika. Sisi watoto tulihesabu kwa vidole tangu mtikisiko mpaka mlio, na aliyebishia hesabu ya mwenzake aliambulia konzi. Niliishi miaka kumi na mitatu nikiamini kwamba kila kinachopasuka hutoa taarifa kwanza. Juni moja, nikiwa darasa la saba, ndipo nilipojua kwamba viko vitu vikubwa kuliko mgodi wowote, tena hupasuka bila kumwambia mtu, na mwaka ule mimi nilivihitaji kuliko mtoto yeyote wa Nyamongo.

Baba, au Tata kama tunavyoita kwa Kikurya, alikuwa mchimbaji mdogo. Yeye na wenzake watano walikuwa na duara lao, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo la dhahabu, mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani. Mkuu wa duara alikuwa Mzee Mwita, mtu mrefu, mkavu, mwenye sauti ambayo hata akikusalimia unajiona umekosea jambo. Duara lilikuwa na masharti mengi, lakini lililokuwa juu ya yote ni hili: mwanamke hakaribii. Waliamini kwamba dhahabu ikimhisi mwanamke inakimbia, inazama chini au inahamia kwa jirani. Hatua hamsini kabla ya mdomo wa shimo palikuwa na jiwe lililopakwa chokaa. Kina mama waliopeleka chakula walikitua pale, wakaita, wakarudi zao, na wanaume wakatoka kukichukua. Mama alilitii jiwe lile miaka yote, ingawa ndiye aliyekuwa akiponda mbale, yale mawe yenye dhahabu, kwa nyundo uani kwetu mpaka viganja vyake vikawa vigumu kama soli. Nilipomuuliza mbona dhahabu haimkimbii yeye anapoiponda, aliniambia niache kimbelembele nikatafute kuni.

Wiki ya kwanza ya mwezi ule mama alishikwa na malaria, na mimi nikapeleka chakula. Nilibeba ugali na dagaa kwenye hotipoti, nikafika kwenye jiwe, nikaita. Hakuna aliyeitika. Nikaita tena. Nilisikia nyundo zikigonga chini ardhini na kikohozi cha Tata, nikajua hawanisikii. Jua lilikuwa kali, nzi walishaanza kuizunguka hotipoti, na mimi nilikuwa nimeacha kipindi cha hisabati. Basi nikapita. Sitasema kwamba nilisahau, wala sitasema kwamba kuna kitu kilinisukuma. Nilipita kwa sababu jiwe lilinikera. Nikafika mdomoni, nikainama, nikaita "Tata, chakula!" na kwa kuwa shimo lilikuwa jeusi na baridi yake ilinipanda usoni, nikadondosha kokoto moja nisikie kina chake. Aliyepanda kamba kuja kutazama alikuwa Mzee Mwita. Alinitazama, akaitazama hotipoti, akaipokea. Siku ya nne mshipa wa dhahabu ukakatika. Walikuwa wakiufuata vizuri kabisa ndani ya mwamba, na asubuhi moja mbele yao ukawa hauonekani, ukabaki ukuta wa jiwe tupu.

Hukumu yangu ilifika nyumbani kabla Tata hajafika. Wachimbaji wote walikuwa wameshakubaliana kwamba nimeifukuza dhahabu. Dawa yake, alisema Mzee Mwita, ni mimi kuondoka Nyamongo, niende nikakae kwa shangazi yangu Ringwani mpaka mshipa utakaporudi. Hakuna aliyejua utarudi lini. Ringwani ni kuzuri, kuna mashamba na maziwa, na shangazi alinipenda. Lakini mtihani wa darasa la saba ulikuwa Septemba, jina langu lilikuwa limesajiliwa katika shule yetu, na mtoto aliyeondoka kijijini mwaka wa mtihani tulijua anaishia wapi. Nilikuwa na wenzangu watatu walioondoka hivyo na wote walikuwa wameshaolewa. Tata alikaa kwenye kigoda, akashika tama, akamwambia mama anifulie nguo, safari ni Jumanne ya wiki itakayofuata. Mama alilia akiwa amenigeuzia mgongo. Lakini jambo linaloniuma mpaka leo ni kwamba mimi mwenyewe niliamini. Nililala nikiwaza ile kokoto, nikiiona dhahabu inashtuka kule gizani na kukimbia, na sahani yangu ikawa inarudi jikoni kama ilivyotoka.

Mwalimu wetu wa sayansi aliitwa Makuru, kijana mwembamba kutoka Mbalibali, mtoto wa wafugaji. Aliwahi kutuambia kwamba alijifunza nyota akichunga, kisha akajifunza upya chuoni, na kwamba alikuwa na kitabu kimoja kisicho na jalada ambacho asingemwazima hata askofu. Sisi wa darasa la saba tulibaki shuleni jioni kujisomea mpaka saa moja na nusu. Ijumaa ile, wenzangu walipofunga madaftari, nilimfuata nikamuuliza, nikitazama viatu vyangu, kama dhahabu inaweza kusikia harufu ya mtu. Yeyote mwingine angecheka. Yeye aliniuliza kwa nini nauliza, nikamweleza yote, mpaka kokoto. Akatuita wote kumi na wawili tutoke uwanjani.

Giza lilikuwa limeingia na mbingu ilikuwa safi, maana mvua zilishakwisha. Alitunyooshea kidole karibu na utosi, kwenye nyota moja nyeupe yenye ubuluu kidogo. Alisema inaitwa Spika, na Marwa, mchekeshaji wa darasa, akauliza kama ni Spika wa Bunge, tukacheka, na mwalimu akasema huyu wa Bunge hupumzika, yule hapumziki. Kisha akasema: ile si nyota moja. Ni mbili. Ziko karibu mno hata jicho linaziona kama nukta, na zinazungukana, mzunguko mzima kwa siku nne tu. Kubwa yake ina uzito unaozidi jua mara kumi na zaidi kidogo. Hatukumwelewa, basi akamwita Marwa, aliyekuwa mnene, na mimi niliyekuwa kama ufito, akatuambia tushikane mikono tuzunguke kwa nguvu. Tulizunguka mpaka vumbi likapanda. Wenzetu waliona wenyewe kwamba Marwa alizunguka padogo karibu na pale alipo, na mimi nikarushwa mbali nikikimbia. Hivyo ndivyo nyota pacha zinavyoshikana, alisema, na hakuna inayoweza kumwachia mwenzake.

Nilikaa chini nikihema, na nikiwa pale chini ndipo aliponielezea mimi, kana kwamba wengine hawapo. Nyota, alisema, inajibeba kwa joto lake. Uzito wake wote unasukuma kwenda ndani, na joto linasukuma kwenda nje. Nyota kubwa zina kuni nyingi lakini zinazichoma kwa fujo, kwa hiyo hufa mapema kuliko ndogo. Inachoma kitu chepesi, inapata kizito zaidi, inachoma hicho nacho, mpaka inafika kwenye chuma, na chuma hakiipi joto hata chembe. Hapo moyo wake unabomoka kwa ndani kwa muda mfupi kuliko kupepesa macho, na tabaka za nje zinalipuka na kutawanyika angani. Kinachobaki katikati ni kidonge kisichofikia hata umbali wa kutoka Nyamongo mpaka Tarime mjini, lakini kijiko kimoja chake kina uzito wa mlima. Mara nyingi kati ya nyota pacha, ile kubwa hutangulia kufa, baadaye ndogo yake, nayo ikiwa nzito vya kutosha hupasuka vilevile. Vikibaki vidonge viwili, vinaendelea kuzungukana, vikikaribiana kidogo kidogo kwa muda mrefu usiosemeka, mpaka siku vinapogongana. Wataalamu wengi, alisema, wanadhani ni katika kishindo hicho ndimo dhahabu nyingi ilimotengenezwa, ikatupwa angani, ikachanganyika na vumbi ambalo baadaye lilikuja kuwa dunia yetu. Marwa aliuliza kama Spika nayo ikipasuka tutasikia mlio. Mwalimu alisema kule hakuna hewa ya kubeba mlio, wala hakuna king'ora, na pengine itachukua mamilioni ya miaka. Nikamuuliza hizo zilizotengeneza dhahabu yetu zilikufa lini. Akasema, "Gati, zilikufa kabla hakujawa na dunia, sembuse mwanamke."

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira, na niseme kweli, ilikuwa hasira tamu. Hatia yote iliyokuwa imenikaa kifuani kwa siku zile ilitoka, na pale ilipotoka pakaingia kitu kigumu. Niliazimia kwamba siendi Ringwani. Sikujua nitafanyaje, ila nilijua kwamba sitaondoka kwa kosa ambalo halipo. Nilikula ugali wote niliowekewa, na mama akadhani nimekubali safari.

Jumapili, baada ya ibada, wachimbaji wote walikuja kwetu kunywa chai na kupanga watakavyochimba upande mwingine. Niliwaamkia mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, nikamimina chai, na badala ya kurudi jikoni nikabaki nimesimama. Kwetu msichana hasemi katika kikao cha wazee. Nilimwomba Tata ruhusa. Alinitazama kama anayetaka kukataa, kisha akasema, "Sema ufupishe." Sikufupisha. Nilianza kwa duara, kwa sababu ndicho walichokijua. Niliwaambia kuna nyota zinazosimama kwa joto kama duara linavyosimama kwa matimba, yale magogo yanayozuia kuta zisianguke, na joto likiisha ni sawa na mtu kuondoa matimba yote kwa mpigo. Mzee Mwita alikuwa amemzika mdogo wake kwa duara lililobomoka, na nilimwona anaweka kikombe chini. Nikaendelea mpaka vidonge viwili, mpaka mgongano, mpaka dhahabu kusambaa. Mmoja wao aliuliza kama nyota hizo zilikuwa za kike au za kiume, wakacheka sana, na mimi nikasubiri wamalize. Kisha nikamgeukia Mzee Mwita.

"Mzee," nikasema, "dhahabu ile imepitia milipuko miwili na mgongano mmoja, ndiyo ikafika Nyamongo. Haikumbwi na hofu kwa kokoto yangu. Na kama huniamini, nipelekeni nishuke shimoni. Mnasema imeshakimbia. Basi nikishuka, mtapoteza nini tena?"

Mzee Mwita alinitazama, na kwa haki yake niseme hakuwa na chuki usoni. Alisema, "Mtoto huyu ana kichwa." Kisha akamgeukia baba yangu. "Lakini mura, kijana wangu, sisi tunashuka na kamba kila asubuhi, na kila asubuhi tunajiuliza kama tutapanda. Mimi siwezi kushuka na watu wenye wasiwasi. Ama aende, ama sijui." Nilimwelewa baadaye sana. Siku ile nilitamani nimtupie birika.

Tata hakuwa mtu wa maneno. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kamba yake, sururu yake na kofia yake ya tochi, akaviweka mbele ya Mzee Mwita juu ya mkeka. Alisema, "Mtoto atafanya mtihani. Wa kuondoka ni mimi." Hakuna aliyemshawishi abaki, na yeye hakusubiri kushawishiwa. Jumatatu alikwenda kufanya kibarua kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, kazi ya vumbi na kelele ambayo wachimbaji wenye maduara waliidharau. Alirudi jioni akiwa mweupe kuanzia nywele hadi kope. Mama alimwekea maji ya kuoga, na mimi nikakaa na daftari karibu na koroboi nikisoma huku herufi zinaniyeyukia machoni.

Natamani niseme kwamba ukweli ulishinda. Wiki tatu baada ya Tata kuondoka, wenzake waliupata mshipa. Ulikuwa hatua chache tu pembeni na chini kidogo, na ulikuwa mnene kuliko mwanzo. Leo ningeweza kuwachorea ukutani kilichotokea: mwamba ulikatika zamani za zamani na kipande kimoja kikateleza, kwa hiyo mshipa unaonekana kuishia ukutani kumbe unaendelea pembeni. Lakini wao walikuwa na maelezo yao, tena yaliyonyooka: baba wa msichana ameondoka, dhahabu imerudi. Kijiji kizima kilikubali. Hata mtoto wa jirani niliyemfundisha kusoma aliniambia si unaona. Niliumia kuliko siku ya hukumu, maana siku ile nilishindwa na watu, na sasa ilionekana kana kwamba mwamba wenyewe umetoa ushahidi dhidi yangu. Nilimwendea Mwalimu Makuru nikamwambia nyota zake hazijanisaidia kitu. Alinijibu kwamba nyota hazikutengenezwa ili zinisaidie. Kisha akanipa kile kitabu kisicho na jalada nikae nacho mpaka mtihani, na akaniambia nikichana hata ukurasa mmoja tutakosana.

Septemba nilifanya mtihani. Nilifaulu, nikaenda sekondari, nikaendelea mpaka chuo cha ualimu, fizikia. Nikiwa chuoni ilitufikia habari kwamba wataalamu wa mbali wamenasa mgongano wa vidonge viwili vya nyota, safari hii kwa vyombo, si kwa nadharia, na katika mwanga wa mabaki yake wakaona dalili za madini mazito, dhahabu ikiwemo. Wenzangu walisoma wakaenda kula. Mimi nilitoka nje nikampigia Tata simu. Nilimweleza, nikirukaruka maneno, na yeye alisikiliza mpaka mwisho akauliza kama nimekula. Nikasema Tata, maana yake nilikuwa nasema kweli. Akasema, "Nilijua tangu siku ile. Ungekuwa unadanganya ungefupisha." Nikalia palepale, mchana kweupe, watu wakipita na sahani zao.

Sasa mimi ni mwalimu katika sekondari moja nje kidogo ya Mugumu. Nyamongo yenyewe imebadilika. Bodaboda zimejaa, vijana wana simu zinazoonyesha nyota yoyote ukiielekeza juu, na wako kina mama wanaomiliki maduara yao wenyewe na kuyasimamia wakiwa wamekaa mdomoni kabisa. Lakini yako pia maduara ambako mwanamke bado hapiti, na nikipita sokoni wapo wazee wanaonong'onezana kwamba huyo ndiye aliyefukuza dhahabu. Zamani nilisimama nikabishana nao. Siku hizi nawaamkia napita, si kwa kuchoka, ila nimejifunza mahali pa kuweka nguvu zangu. Tata alizeeka kabla ya wakati wake kwa vumbi la karasha. Hajawahi kunidai hata shukrani, na kila nikimtazama anavyohema akipanda ngazi mbili za nyumba yetu, najua gharama ya ile Jumapili ilikuwa kiasi gani na ililipwa na nani.

Mwezi uliopita, nikiwa katikati ya kipindi, mlango uligongwa. Alikuwa Mzee Mwita, ameinama sasa, na fimbo mkononi, amemshika mkono mjukuu wake wa kike anayeishi na binti yake aliyeolewa huku. Nilimpa shikamoo. Aliitikia, akakohoa, akalitazama darasa zima kabla ya kunitazama mimi. "Mwalimu," akasema, "sitakudanganya. Mimi mpaka leo naamini wewe ndiye uliyeifukuza ile dhahabu. Lakini huyu ananiuliza maswali, yananishinda. Mfundishe hizo nyota zako."

Nilikuwa na majibu kumi, yote makali, na nilikuwa nimeyatunza kwa miaka mingi. Sikutoa hata moja. Tata aliacha duara ili apatikane msichana mmoja wa kukaa kwenye kiti kimoja cha mtihani, na mimi mbele yangu nilikuwa na viti arobaini, na kimoja cha mstari wa mbele hakikuwa na mtu. Nilimwonyesha mjukuu kiti kile akakae, na Mzee Mwita akaomba asimame kidogo mlangoni, asikilize.